Upinde si mzito, mkono ndio mzito: namna wawindaji wa Ituri wanangoja mboloko bila kutikisika

Katika msitu wa Ituri kuna uwindaji ambao hauna kelele, hauna mbwa na hauna wavu. Mtu mmoja anapanda juu ya mti mbele jua halijatoka, anakaa mita chache tu juu ya ardhi, anatafutia upinde wake fasi nzuri ya kulala, na anangoja. Waefe wanauita uwindaji huo ebaka. Chini yake kuna matunda yaliyoanguka. Mboloko akija kula, mwindaji ana nafasi ya mshale mmoja, kwa bahati miwili. Asipokuja, anashuka na kurudi kambini mikono mitupu. Na hilo la pili ndilo linatokea mara nyingi zaidi.

Mtu wa Bunia, Beni ao Goma akisikia habari ya kuwinda kwa upinde, anawaza moja kwa moja kuvuta na kupiga. Lakini kuvuta na kupiga ni kazi ya sekunde mbili tatu. Kazi yenyewe ni yale masaa ya mbele yake: kukaa na silaha tayari bila mkono kuchoka, bila kutetemeka na bila sauti yoyote. Hapo ndipo nyama inapatikana ao inapotea, na juu ya hiyo ndiyo makala hii.

Nani anawinda namna hii

Nje ya Kongo, watu wengi walijifunza habari za Ituri kupitia kitabu cha Colin Turnbull kilichotoka mwaka 1961. Turnbull alikaa karibu na Epulu, kwa Bambuti wanaowinda kwa wavu: wanaume wanatandika nyavu, wanawake na watoto wanafukuza wanyama na makelele. Tangu hapo ulimwengu umeshika picha ya wavu. Ni picha ya kweli, lakini ni nusu ya msitu tu. Upande wa kaskazini na mashariki wanakaa Efe, wanaosema kilugha cha karibu na Kilese cha majirani wao wakulima. Wao ni watu wa upinde. Mtafiti Robert Bailey aliwafuata katika miaka ya 1980 na kitabu chake juu ya wanaume wa Efe kilitoka mwaka 1991. Mbele yake, Mjapani Reizo Harako alikuwa amekwisha kuandika juu ya silaha na njia za uwindaji za Bambuti.

Efe nao wanajua kuwinda kwa kundi. Wapiga mishale wanazunguka sehemu ya msitu, mbwa wanatumwa ndani na kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa msitu hawabweki ovyo. Huko mkono hauna muda wa kuchoka: mnyama anatokea anakimbia, unapiga ao umemkosa. Ebaka ni kinyume kabisa. Mtu yuko peke yake, mnyama anakuja polepole, na kila kitu kinategemea utulivu.

Silaha yenyewe

Upinde wa Ituri ni mfupi, mara nyingi haufiki urefu wa mita moja. Mtu akiusimamisha pembeni yake haumpiti kiuno kwa mbali. Uzi wake si nailoni wala ngozi: ni utepe uliopasuliwa katika kekele, ile ile ambayo watu wanafumia vikapu na viti. Mshale wa kupiga mboloko una kichwa cha chuma, na chuma hicho kwa zamani nyingi kimetoka kwa wahunzi na wakulima wa vijiji, Balese, Babila na wengine, kwa kubadilishana na nyama ao asali. Nyuma ya mshale hakuna manyoya kama ya ndege. Kuna jani lililokatwa na kupitishwa ndani ya mpasuko wa mti. Jani hilo ndilo linanyoosha safari ya mshale.

Kwa mkono unaoshika upinde wanavaa kikinga cha ngozi kwenye kifundo, kusudi uzi usiwapige ukirudi. Kikinga hicho kinasaidia pia kwa jambo jingine: kinazuia sauti ya uzi juu ya ngozi tupu.

Sasa hesabu ndogo. Upinde wa namna hii haufiki hata kilo moja. Kinyume chake, mkono wa mtu, kuanzia bega mpaka vidole, ni karibu sehemu moja ya ishirini ya uzito wa mwili wake. Kwa mwanaume wa kilo 45, na Efe wengi wako karibu na hapo, mkono mmoja una kilo 2 na zaidi. Maana yake mwindaji akinyoosha mkono kuelekea matunda, kitu kizito anachobeba si silaha. Ni mkono wenyewe.

Juu ya nini mkono unatetemeka

Kila mtu anaweza kujaribu nyumbani. Shika chupa ya maji ya nusu lita, nyoosha mkono mbele yako, ukae hivyo. Dakika ya kwanza ni mchezo. Nyuma kidogo bega linaanza kuwaka, kisha vidole vinacheza vyenyewe, na mtu anapandisha bega kuelekea sikio bila kujua. Sasa kunja kiwiko, ukiegemeze kwenye mbavu. Chupa ni ile ile, lakini uzito umepungua kama mtu amekusaidia.

Mambo mawili yanatokea hapo. La kwanza ni urefu: kitu kikiwa mbali na bega kinavuta zaidi kuliko kikiwa karibu, sawa vile ndoo kwenye ncha ya fimbo inalemea kuliko ndoo mkononi. La pili ni damu. Msuli ukikaza bila kuachia unaminya mishipa midogo iliyo ndani yake, damu inapita kidogo, na msuli unachoka haraka. Ndiyo maana mkulima anaweza kupiga jembe asubuhi nzima, kwa sababu msuli wake unakaza na kuachia, lakini hawezi kushika jembe hilo hilo hewani kwa dakika kumi.

Mkono uliochoka unatetemeka, na kutetemeka kidogo mkononi kunakuwa kukosa kukubwa kwenye ncha ya mshale. Zaidi ya hapo, mtu aliyechoka anajigeuza. Mboloko haoni rangi kama sisi, lakini kitu kinachotembea anakiona mara moja, na masikio yake yanamzidi mtu. Tawi likilia, amekwenda. Harudi asubuhi hiyo.

Fasi za kulaza upinde

Mwindaji anayejua kazi hashiki upinde hewani. Anaukabidhi kwa mwili wake ao kwa mti, na mkono unabaki wa kuongoza tu.

Fasi ya kwanza ni paja. Mtu amekaa, ncha ya chini ya upinde imetua juu ya paja karibu na goti, upinde umesimama ao umelala kidogo upande, na mkono wa kushoto unaushika katikati kwa vidole vilivyolegea. Uzito unapita kwenye mfupa wa mguu, na mfupa hauchoki kama msuli. Kiwiko nacho kinaegemea ubavuni ao juu ya paja lile lile. Mshale uko tayari juu ya uzi, umeshikwa na vidole viwili vya mkono wa kulia, lakini uzi haujavutwa. Hapa wengi wanaojifunza wanaharibu: kwa hamu wanavuta kidogo, robo, wakifikiri wanajitayarisha. Kuvuta robo kwa dakika ishirini kunachosha kuliko kuvuta kote mara moja. Na upinde wa mti ukikaa umevutwa muda mrefu unazoea kukunjwa, nguvu yake inapungua.

Fasi ya pili ni tawi. Kama kuna tawi mbele ya kifua, mkono unaoshika upinde unalala juu yake. Mkono, si upinde. Mti juu ya mti unalia, na sauti hiyo kavu haifanani na sauti yoyote ya msitu asubuhi. Kipande cha gome lililopondwa, majani mabichi ao kuvu laini ya juu ya magome inaweza kuwekwa katikati. Tawi la kuegemea lijaribiwe mwanzoni kabisa, mbele ya wanyama kuanza kutembea: kama linacheza na majani yake yanatikisika kule mwisho, heri kuliacha.

Fasi ya tatu ni kulaza upinde kabisa juu ya mapaja yote mawili, mikono ikiwa juu yake. Inapumzisha kuliko zote, lakini kutoka hapo mpaka kupiga kuna mwendo mrefu. Inafaa kwa muda ambao hakuna dalili yoyote. Wakisikika hondohondo ao kima wakila juu ya mti wa matunda, mambo yanabadilika, kwa sababu mboloko wanajua kufuata walaji wa juu na kuokota wanayoyaangusha. Hapo upinde unarudi kwenye paja moja, umesimama.

Hakuna fasi inayotosha kwa masaa mawili. Siri ni kubadilisha mbele ya maumivu, si nyuma yake. Mtu anayengoja mpaka bega liwake ndipo ajigeuze, anajigeuza kwa nguvu na kwa haraka. Anayebadilisha mapema anafanya polepole, wakati upepo unapopitisha majani ao ndege wanapopiga kelele.

Kiti kinaamua mengi kuliko mkono

Wanaozungumzia uwindaji huu wanapenda kusifu jicho na mkono. Ukweli ni kwamba mambo mengi yanaamuliwa jioni ya mbele, wakati mtu anachagua mti na kufunga fito zake za kukalia. Mgongo upate shina la kuegemea. Miguu ipate kitu cha kukanyaga, maana tawi linalobana chini ya paja linalaza mguu mzima, na mguu uliolala hauwezi tena kuwa mhimili wa upinde. Mtu anayevuta kwa mkono wa kulia akae matunda yakiwa mbele yake kidogo upande wa kushoto: mwili unageuka kwenda kushoto bila shida, kwenda kulia ni mpaka ajinyonge.

Kukaa juu kuna faida yake. Mboloko anatumia pua kwanza, na harufu ya mtu aliye juu haimfikii sawasawa kama ya mtu aliye chini. Asubuhi na jioni, saa za ebaka, hewa chini ya msitu mara nyingi imetulia. Lakini kupanda juu sana si akili. Mshale unaoshuka wima unakuta mgongo mwembamba wa mnyama badala ya ubavu wake, na mtu aliye juu zaidi anaanguka vibaya zaidi.

Upinde mfupi ndio unafaa kwa kiti cha namna hii. Hauguswi na matawi, unageuka katikati ya liana, na unapandishwa kutoka pajani mpaka usawa wa macho kwa mwendo mdogo. Ungekuwa mrefu, ncha yake ya chini ingegonga goti ao fito. Linganisha na Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi, Tanzania: upinde wao ni mrefu na mgumu sana kuvuta, kwa sababu nchi yao ni ya wazi na wanyama wako mbali. Nao wanajua kungoja, wakati wa kiangazi wanajificha usiku karibu na maji. Kule Marekani, wapenda kuwinda wanatumia upinde wa chuma na magurudumu ambao pamoja na vifaa vyake unafika kilo 2 hivi na kupita. Wanapigilia ndoano kwenye mti na kuutundika, ao wanabeba kishikizo kwenye mkanda wa kiuno. Shida ni ile ile. Mtu wa Ituri anaitatua kwa paja lake, bila kununua kitu.

Wakati mnyama amefika

Mboloko wa kawaida, yule mdogo wa rangi ya kijivu, ana kilo 4 ao 5. Wale wekundu wakubwa wanapita kilo 15. Wote wana tabia ya kusimama, kutembea hatua mbili, kusimama tena. Wakati kichwa kiko juu, mwindaji hapandishi kitu, hata kupumua anapumua taratibu. Kichwa kikiinama kwenye tunda ao kikipita nyuma ya shina, upinde unaacha paja, mkono unanyooka, uzi unavutwa, mshale unakwenda. Yote kwa mwendo mmoja. Hakuna kukaa umevuta ukitafuta fasi nzuri zaidi: mkono uliopumzika vizuri unapiga mara moja, na ndiyo ilikuwa faida ya kupumzika.

Katika misitu ya bonde la Kongo wawindaji wengine wanamwita mnyama kwa kubana pua na kulia kama mtoto wa mboloko. Hapo upinde lazima uwe umejitegemea kabisa, kwa sababu mkono mmoja uko puani.

Kima ni hadithi nyingine. Kwao wanatumia mishale ya mti mtupu, bila chuma, iliyopakwa sumu ya mimea na kukaushwa. Mnyama yuko juu kabisa, na mkono unapanda juu ya kichwa. Msuli unabeba uzito na damu inapanda kwa shida, kwa hiyo bega linachoka haraka zaidi. Paja haliwezi kusaidia hapo. Mwindaji anabaki na upinde chini, shingo tu ikitazama juu, mpaka kima atulie. Anaegemea shina, anapandisha, anapiga, anashusha mara moja. Mishale ya sumu ikae ndani ya podo mpaka dakika ya mwisho. Kukaa nayo vidoleni kwa saa nzima, ukisinzia, ni kutafuta kifo.

Kwa nini jambo hili linagusa watu leo

Kwa familia ya kambini, mboloko mmoja ni chakula cha siku na kitu cha kupeleka kijijini kubadilisha na muhogo ao ndizi. Lakini siku ya leo upinde unashindana na waya. Mtego wa waya haungoji mtu: unafungwa, unaachwa, unafanya kazi usiku na mchana. Unashika mboloko, unashika pia mtoto wa okapi na mama mwenye mimba, na nyama nyingi inaoza kabla mwenyewe hajarudi kuangalia. Okapi wanaokatwa miguu na waya ni shida inayojulikana. Mtu aliye juu ya mti na upinde pajani anaona anachopiga. Akiona ni jike na mtoto wake, anaweza kuacha. Waya hauna macho.

Upande wa sheria, mambo hayafanani kila fasi. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliundwa mwaka 1992 kwenye eneo linalokaribia kilometa za mraba 14.000, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997. Bambuti na Efe wanaishi ndani yake, na kuwinda kwa chakula kwa njia za jadi kuna kanda zake. Nje ya kanda hizo ni makosa. Okapi, sokwe na tembo wamekingwa kabisa, kwa upinde ao kwa bunduki, ndani ya Hifadhi ao nje. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inaongoza uhifadhi wa asili, na sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili Pygmée. Asiyejua mpaka wa kanda yake aulize walinzi wa ICCN ao chifu mbele ya kufunga fito juu ya mti.

Kuna pia usalama. Kukaa peke yako msituni alfajiri, bila sauti, ni jambo ambalo zamani lilikuwa la kawaida. Katika sehemu za Mambasa na Irumu ambako vikundi vyenye silaha vinapita, wanaume wengi wameacha ebaka kwa miezi mizima, ao wanaifanya karibu na kambi tu, ambako wanyama wamekwisha kupungua. Familia zilizokimbilia kando ya barabara haziwezi kungojea matunda yaanguke ndani ya msitu. Kijana asiyepanda mti na baba yake hajifunzi kulaza upinde, na waya unauzwa sokoni.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopanda bado. Ajali nyingi si za kupanda, ni za kushuka: mguu umelala, shina limelowa umande, mtu ana njaa na hasira ya kukosa. Mshale utoke kwenye uzi kwanza, urudi ndani ya podo ukiangalia chini. Nyosha miguu juu ya fito mpaka ganzi iishe. Upinde uteremshwe kwa kamba ya liana mbele yako, ao uvaliwe mgongoni. Ndipo mikono yote miwili ishike mti.